Tulivyoandika Kila Mtu Kivyake

Ile Jumatatu naikumbuka, mwanangu, hata nikijaribu kuisahau. Nakuita mwanangu, na usicheke. Wewe umeingia Gredi ya Kumi juzi, sare yako bado ina mkunjo wa dukani. Mimi niko Kidato cha Nne, mtaala wangu unazikwa nikiwa bado ndani yake, na baada yetu limebaki darasa moja tu kisha basi. Kama huo si uzee, niambie uzee ni nini. Kwa hivyo keti. Si hapo, hicho kiti kina mguu mbovu.

Umekuja klabu ya kompyuta kwa sababu mtu amekwambia kuna mtandao. Upo, siku Mungu akipenda. Lakini kabla hujagusa kitufe, nataka nikueleze kwa nini kuna karatasi ukutani inayosema tuandike wote namna moja, na kwa nini hakuna mtu humu anayeifanyia mzaha, hata mimi, ambaye nimefanyia mzaha wimbo wa shule, mwalimu wa zamu na chakula cha Alhamisi, ile githeri ya mahindi na maharagwe.

Mwaka jana tulikuwa watatu, ukiacha wale waliokuja kujificha mvua na kazi za usafi. Kulikuwa na Kevo wa Uthiru. Babu yake ana ploti pale tangu ng'ombe wakiwa wengi kuliko magari, na Kevo alikua akiamini kwamba popote anaposimama ni kwao. Kulikuwa na Barasa wa Kabiria, mtoto wa fundi wa mabomba aliyetoka Bungoma. Barasa ni mtu wa kunyoosha. Hunyoosha kola, hunyoosha madawati, ukimpa chapati ataikunja mpaka pembe zilingane ndipo aile. Na kulikuwa na mimi, Wambui. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ambayo watu watayasoma na kujaribu kila kitu kabla hakijatoka. Waliniita Shosho, yaani bibi kizee, hata wakati huo, kwa sababu ya kulalamika kwangu.

Aliyetushika pamoja ni Mwalimu Nafula. Hukumkuta, na hilo ndilo linaloniuma. Alifundisha hesabu na kompyuta, lakini hakuwa mwalimu wa serikali. Bodi ya shule ilikuwa imemwandika kwa mkataba mfupi, muhula kwa muhula, kama wale walimu wengine ambao kila wakifunga shule hawajui kama watafungua nasi. Alikuwa na sauti ndogo. Ukimpigia kelele alizidi kuishusha, mpaka unyamaze umsikie.

Mwanzoni mwa muhula wa pili, naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Gitau, aliingia humu akasimama pale mlangoni, tumbo ndani, miguu nje.

"Mwalimu," akasema, "ule mfumo wa mahudhurio unaosema hawa watoto wanaweza kutengeneza. Ukifanya kazi mpaka tufunge shule bila kuniaibisha, mimi mwenyewe nitaenda kwa bodi, nirudi nikwambie karibu, umeandikwa kazi ya kudumu."

"Na ukiharibika, sir?" Kevo akauliza.

"Nani amekuuliza wewe? Ukiharibika, mkataba unaisha na muhula. Si ndio hivyo, mwalimu?"

Mwalimu Nafula akatabasamu kidogo, akasema ndivyo. Sisi tulisikia. Wote watatu, kwa masikio yetu, tukiwa na akili timamu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akakwambia kwamba hatukujua tulichokuwa tumeshika mkononi.

Mfumo wenyewe haukuwa mgumu kuueleza. Asubuhi kila mwalimu wa darasa angeingiza kwenye kompyuta ni nani amefika. Ikifika saa tatu, mzazi wa yeyote ambaye hajafika angepata ujumbe kwenye simu. Maneno niliyaandika mimi: "Mzazi mpendwa, mwanao hajafika shuleni leo. Tafadhali wasiliana na ofisi." Nilijivunia hiyo "mpendwa". Nilidhani imeleta heshima.

Kevo aliandika sehemu ya kupokea majina. Barasa akaandika sehemu ya kutuma jumbe. Na hapo, mwanangu, kabla hata hatujamaliza wiki, vita vikaanza.

Msimbo, yaani yale maelekezo tunayoiandikia kompyuta, una tabia moja mbaya: kompyuta haijali unaupangaje. Ukibana mistari, inakubali. Ukiachia nafasi, inakubali. Ukimwita mwanafunzi "mwanafunzi", ukimwita "msee", ukimwita "x", yote kwake sawa, bora usibadilishe jina katikati. Basi Kevo aliandika kwa Sheng, tena ya Uthiru, tena ya wiki hiyo. Mwanafunzi alikuwa "msee", simu ya mzazi ilikuwa "fonti", na mistari yote ilibanwa kushoto. Barasa naye aliandika majina marefu kiasi kwamba ukilisoma moja unahitaji kupumzika katikati, na kila mstari ukasogezwa ndani kwa nafasi zilizohesabiwa.

"Buda, hii yako imebanana kama mtumba kwa gunia," Barasa akamwambia.

"Na yako ina nafasi hata unaweza panda sukuma wiki," Kevo akajibu. "Unaandikia kompyuta ama unaandikia askofu?"

"Naandikia mtu mwenye macho."

"Mwenye macho atasoma yangu. Mwenye miwani atasoma yako."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nani asingecheka?

Mwalimu Nafula hakucheka. Alituketisha, akasema kabla ya kuendelea tukubaliane mambo machache. Majina yawe ya lugha moja. Nafasi ziwe za kipimo kimoja. Na alama iwe na maana moja tu. Hilo la alama ndilo alilolikazia zaidi, kwa sababu alikuwa ameona jambo ambalo sisi hatukuliona. Kwa Kevo, mwanafunzi mwenye alama ya moja, wala si sufuri, ni aliyefika, kama mwalimu anavyotia tiki kwenye rejista. Barasa alikuwa amewahi kuwa kiranja wa darasa, na kiranja haandiki waliofika, huandika waliokosa, ili wapelekwe kwa mwalimu wa zamu. Kwa hivyo kwa Barasa, mwenye moja ni aliyekosa. Wawili hawa walikuwa wakipeana alama ileile, kila mmoja akiisoma kichwa chini.

"Chagueni moja," Mwalimu akasema. "Yoyote. Mimi sijali ni ipi. Ila iwe moja."

"Madam, yangu ndiyo ya kawaida," Kevo akasema.

"Kawaida ya nani?" Barasa akauliza.

Walibishana mpaka kengele ikalia. Mwalimu, kwa kuwa siku zilikuwa zinakwenda, akaingiza mwenyewe mstari mmoja katika faili la Barasa. Kazi ya mstari huo ilikuwa kugeuza tu: ikija moja iwe sufuri, ikija sufuri iwe moja. Akatuambia huo ni mkongojo, wala si mguu, na kwamba tukikubaliana tutautoa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliuziba ufa kwa kipande cha karatasi akitungojea sisi tulete saruji.

Hatukuleta. Mfumo ulifanya kazi wiki baada ya wiki, na kitu kikifanya kazi, nani anataka kukiuliza maswali? Watoro walikamatwa. Bwana Gitau alianza kumsalimia Mwalimu kwa jina. Siku moja tulimwona amembebea chai. Chai! Yule mtu hajawahi kumbebea mtu hata lawama.

Lakini vita vya mpangilio havikwisha, viliingia chini ya ardhi. Kevo alikuwa akifungua faili la Barasa kuangalia kitu kidogo, akiliona limeachana achana, roho inamwasha, analibana lote. Kesho yake Barasa analikuta, analichanua lote tena, kila mstari, kwa nafasi zake. Kesho kutwa Kevo analibana. Mimi nilianza kuandika matokeo ubaoni kama ya mpira. Uthiru moja, Kabiria mbili.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye dawa chungu. Tulikuwa na utaratibu mzuri. Kila Ijumaa, kabla ya mabadiliko kuingizwa kwenye mfumo, Mwalimu aliyapitia. Kompyuta humwonyesha mistari iliyoguswa peke yake, ile ya zamani kwa rangi nyekundu na mpya kwa kijani. Mtu akigusa mistari miwili, unaona miwili, unaisoma, unaelewa. Ijumaa moja Mwalimu akafungua, na faili zima la Barasa likawa nyekundu na kijani kutoka juu mpaka chini, kama sare ya kwaya. Kila mstari ulikuwa umesogezwa, kwa hivyo kwa kompyuta kila mstari ulikuwa mpya.

"Siwezi kuona mlichobadilisha," akasema.

"Ni mpangilio tu, Madam," Kevo akajibu. "Hakuna kitu tumegusa."

"Barasa?"

"Ni kupanga tu, Mwalimu. Nimenyoosha."

Mwalimu alikuwa na rundo la mitihani ya majaribio ya Kidato cha Nne kwenye dawati. Macho yalikuwa mekundu. Akatutazama mmoja mmoja, nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nilikuwa nimesoma kitu. Akaamini. Kumwamini mwanafunzi ni kosa, mwanangu, ila ni kosa ambalo mwalimu mzuri hulifanya kila siku, la sivyo hawezi kufundisha.

Kevo hakudanganya, na ndiyo maana inauma zaidi. Alipokuwa akibana faili la Barasa, aliukuta ule mstari wa kugeuza. Akaona upuuzi: kwa nini mtu ageuze kitu kilicho sawa? Akaufuta. Kwake yeye hiyo ilikuwa kufagia, na kufagia ni mpangilio. Barasa alipolichanua tena faili kesho yake, hakuona kwamba kuna kitu kimekosekana. Angeonaje? Kila kitu kilikuwa kimehama mahali pake, kama nyumba ambayo wageni wamepanga viti upya. Huwezi kujua kijiko kimoja hakipo.

Jumatatu saa tatu, mfumo ukatuma jumbe kama kawaida. Ila kwa wale waliofika.

Shule nzima, mwanangu. Kila mtoto aliyekuwa ameketi darasani akifanya hesabu, mama yake alikuwa anaambiwa na simu kwamba hajafika. Wale watoro wawili wa siku hiyo, waliokuwa Kabiria wakicheza pool, simu za wazazi wao zilinyamaza tuli.

Kwanza simu ya ofisi ililia. Kisha ikalia tena kabla haijawekwa chini. Kisha lango. Wazazi walikuja kwa boda boda, kwa miguu, kwa magari waliyoyaegesha katikati ya barabara milango wazi. Baba mmoja alikuja na mwiko wa kujengea mkononi, saruji bado mbichi. Mama mmoja alikuwa na rola za saluni upande mmoja wa kichwa. Askari wa lango alijaribu kuwapanga foleni, wakampanga yeye.

Mimi nilimwona wangu kupitia dirishani. Mama yangu hufanya kazi kwenye ofisi ya jengo moja la fleti Kileleshwa, na ni mwanamke ambaye hawezi kutoka hata kununua mkate bila mkoba. Alikuwa anakimbia uwanjani bila mkoba, mguu mmoja kiatu cha ofisi, mguu mwingine malapa.

"Wambui! Wambui wangu yuko wapi?"

Nikatoka. Akanishika mabega, akanikagua kama nyanya za sokoni.

"Uko?"

"Niko, mum."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Sasa mbona simu inasema hauko? Nimemwacha mteja akiongea! Nimeona vile wasichana siku hizi..." Hakumaliza. Akaketi palepale kwenye nyasi, mama yangu, na sketi ya kazi, akalia. Aliposoma tena ule ujumbe kwa sauti na kufika kwenye "mpendwa", nilitamani ardhi ipasuke. Sijawahi kutumia neno hilo tena mahali popote.

Mchana Bwana Gitau alituita ofisini, sisi watatu na Mwalimu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nataka jina," akasema.

"Jina gani, Bwana Gitau?" Mwalimu akauliza.

"La aliyefanya huu ujinga. Mwenyekiti wa bodi alipata ujumbe kwamba binti yake amepotea, akiwa kwenye mkutano mjini. Mwenyekiti! Mliniambia hiyo mashine huweka jina la kila mtu na alichoandika. Leteni."

Ni kweli, huweka. Kwa kila mstari, kompyuta huonyesha ni nani aliyeugusa mwisho. Mwalimu akafungua. Na kwa sababu Barasa ndiye aliyelinyoosha faili mwisho, jina lililotokea lilikuwa Barasa. Mstari wa kwanza Barasa. Wa pili Barasa. Mpaka chini, Barasa, Barasa, Barasa, hata kwenye mistari ambayo Kevo ndiye aliyeirekebisha. Mstari uliofutwa hauna mahali pa kuonyesha jina la mtu.

"Haya," Bwana Gitau akasema. "Barasa. Mzazi wako aje kesho."

Barasa alifungua mdomo. "Sir, mimi nilipanga tu. Sikutoa kitu. Haki ya Mungu nilipanga tu."

"Jina ni la nani hapo?"

"Ni langu, lakini..."

Nikamtazama Kevo. Kevo alikuwa anatazama kalenda ukutani. Sijui kama wakati huo alikuwa amekwisha kujua ni yeye. Nimemuuliza mara nyingi, na kila mara hunipa jibu tofauti.

Mwalimu Nafula akaufunga mfuniko wa kompyuta.

"Huyu mtoto hana kosa ninaloweza kulithibitisha," akasema, kwa ile sauti ndogo. "Mfumo ni wangu. Mabadiliko niliyapitisha mimi. Andika jina langu."

"Mwalimu, unajua unachosema?"

"Najua."

"Unajua tulizungumza nini kuhusu bodi?"

"Nakumbuka, Bwana Gitau. Watoto, nendeni darasani."

Baada ya masomo alituita humu. Nilidhani atatugombeza, nikawa nimejiandaa na mzaha mmoja wa kupunguza makali. Aliweka faili lile kwenye skrini, likiwa limenyooshwa vizuri na Barasa, na kando yake la wiki moja nyuma, lililobanwa na Kevo safari ya awali, kabla hajafuta kitu. Akatuambia: "Kuna mstari mmoja ulikuwepo, sasa haupo. Utafuteni."

Tukatafuta. Kevo hakuweza kusoma majina ya Barasa bila kupotea. Barasa hakuweza kufuata mistari ya Kevo bila kuweka kidole kwenye skrini. Mimi nilikuwa naruka kutoka dirisha hadi dirisha kama nzi. Waliokuwa wakifanya mazoezi ya mpira wakamaliza, wakaoga, wakaenda. Bado tulikuwa tunatafuta.

Mwishowe akatuonyesha yeye. Alikuwa ameupata saa ya chakula cha mchana, akisoma neno kwa neno, bila kula.

Kevo akasema, "Huo nilitoa mimi. Madam, nilidhani ni takataka."

Barasa akamgeukia. "Na ulikuwa umenyamaza kwa ofisi?"

"Sikuwa najua ni huo!"

"Nyamazeni," Mwalimu akasema. Kisha akatuambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na sijaweza kuyafanyia mzaha. "Hamkukosa akili, nyinyi. Darasa zima sina wenye akili kama nyinyi. Mlikosa adabu. Adabu ya kuandika ukijua kwamba kuna mwingine atakuja kusoma, akiwa amechoka, akiwa na haraka, na wewe haupo wa kumweleza. Nilipowaambia mchague namna moja, mlidhani nawaomba mnipendezeshe macho. Nilikuwa nawaomba mniwezeshe kuona."

Kevo alikuwa analia kwa hasira, ile ya mtu asiyezoea kukosea.

"Tutaenda kwa Deputy Gitau," nikasema. "Tutamwambia ukweli wote, Madam. Si lazima iwe wewe."

"Mtamwambia nini, Wambui? Kwamba niliombwa kupitia kazi nikaipitisha bila kuiona? Hilo analijua tayari."

Tulienda hata hivyo, kesho yake. Bwana Gitau alitusikiliza akiwa anapiga muhuri barua nyingine, akasema mambo ya walimu si ya wanafunzi. Muhula ulipoisha, mkataba nao ukaisha. Hapakuwa na sherehe. Tulimkuta kwenye lango siku ya kufunga, amebeba mfuko mmoja wa vitabu. Barasa akauchukua, akamsindikiza mpaka barabarani, na mimi na Kevo tukafuata nyuma kama watu wanaofuata jeneza. Alitushika mikono. Akamwambia Kevo asiache kuandika msimbo. Kevo huyo! Mimi ningemwambia mengine.

Sijui yuko wapi sasa. Wengine wanasema amepata shule huko kwao magharibi, wengine wanasema anauza vifaa vya simu mjini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa tangu darasa la nne. Uongo. Sisi hatukusikia, na miguu yetu ni mizima. Kevo alienda mashindano ya kaunti akarudi na medali, akapigiwa makofi paredi. Aliyevunjika ni mwingine. Wahenga walisahau kutuambia hiyo sehemu.

Na Barasa? Barasa hasemi na Kevo mpaka leo, ila kuhusu kazi. Wakiwa humu utasikia "pitisha chaja", "asante", basi. Walikuwa wakitaniana mpaka mlangoni, wale.

Sasa sikia jambo la kutia uchungu kuliko yote. Muhula uliofuata tulikaa hapa, sisi watatu, tukaandika ile karatasi unayoiona. Majina yote kwa Kiswahili cha kawaida. Nafasi nne. Moja maana yake amefika. Kevo akasema nafasi nne ni nyingi, lakini sawa. Barasa akasema Kiswahili kifupi kinamuudhi, lakini sawa. Tukamaliza kabla githeri haijapoa. Jambo lililotushinda muhula mzima, lililomgharimu mtu kazi, liliisha kwa mlo mmoja, na hakuna aliyekufa kwa kuachia alichokipenda.

Basi nasaha zangu ni hizi, mwanangu, na ukizisahau usiseme Shosho hakukwambia.

Watu wakiandika pamoja, wakubaliane kwanza wanaandikaje, kabla hawajaandika chochote. Kanuni mbaya mliyokubaliana wote ni bora kuliko nzuri ya kwako peke yako, maana hiyo nzuri ya kwako wenzako hawaioni, wanaona tu wewe. Kanuni ikiwekwa, iachie mashine kazi ya kupanga. Siku hizi ipo programu inayonyoosha faili lote kwa kipimo kimoja kabla hujahifadhi, kwa hivyo hakuna sababu ya binadamu wawili kuchukiana juu ya nafasi. Ukitaka kupanga, panga peke yake, na siku hiyo usiguse kitu kingine. Ukitaka kubadilisha, badilisha peke yake. Usichanganye kufagia na kuhamisha vyombo. Ukikuta mstari usiouelewa, usiufute, muulize aliyeuweka. Na mtu akikuuliza "umebadilisha nini?", usijibu "hakuna kitu" kama wewe mwenyewe hujasoma.

Usifikiri haya ni mambo ya kompyuta ya shule tu. Dada yake Kevo anaandika programu kwenye kampuni moja mjini, na anasema huko ukifika siku ya kwanza, kabla hawajakuonyesha choo kiliko, wanakupa kanuni zao za kuandika. Nilimuuliza kama hiyo haimfanyi mtu ajisikie amefungwa. Akasema, "Wambui, watu waliokaa kwenye kiti changu wameondoka zamani, na mimi nalala usingizi kwa sababu naweza kusoma walichoacha." Niliyanakili nyuma ya daftari bila kuyafanyia mzaha. Si kawaida yangu.

Nenda sasa ukaanze. Mungu akupe vidole vyepesi na ubishi mfupi. Akupe wenzako wanaokukosoa usoni, nawe akupe ngozi ya kuvumilia. Akujalie mwalimu kama yule tuliyekuwa naye, anayesimama mbele yako mlango unapofunguliwa na mwenye hasira. Na akishakupa, mwanangu, akujalie kumtii angali bado anafundisha hapa.